Sentensi Niliyoifuta

Jumamosi, 17 Agosti 1974

Stensili ya pili imechanika. Nimeanza upya. Wino umeingia kwenye kucha na mke wangu Damari amenikataza kugusa unga. Mashine ya kurudufu inakoroma kama mgonjwa. Hata nusu ya nakala sijafika.

Waraka ni mzuri. Sioni haya kusema hivyo hapa. "Mbwa-mwitu wa Igalula." Kurasa nne. Nimemvua nguo huyu Masunga anayejiita mtumishi wa Mungu, na banda lake la nyasi kubwa kuliko stesheni, na kipaza sauti chake kinachoendeshwa kwa betri ya gari, na maelfu wanaoteremka kwenye gari moshi kwenda kumsikiliza. Hana mchungaji juu yake. Hana wazee. Anawaambia wagonjwa waache dawa. Andrea, seremala wa mtaa wetu wa Mtendeni hapa Tabora, aliacha vidonge vya kifua kikuu mwezi wa tatu kwa neno la huyu mtu. Mwezi wa saba tukamzika. Hilo nimeliweka ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa mwisho ni azimio la baraza la wazee. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nimeliandika mimi. Yeyote aliyehudhuria mikutano ya Igalula, kwa sababu yoyote ile, atatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu akiwa amesimama mbele ya kanisa. Mzee Yoeli, mwenyekiti wetu, alitaka sentensi moja zaidi: kabla mtu hajatengwa, wazee wawili wamtembelee nyumbani wamsikilize. Ilikuwamo kwenye rasimu. Leo nimeifuta. Inalegeza. Mtu akijua atatembelewa, atatayarisha machozi. Nilimpelekea Yoeli akasoma, akavua miwani, akasema, "Wewe ndiye msomi, Mwalimu." Akatia sahihi.

Mkono unauma. Nimefurahi sana.

Jumapili, 18 Agosti

Mchungaji amesoma waraka wote, neno kwa neno. Nilikuwa najua kila nukta. Baada ya ibada wamenishika mkono watu ambao kwa kawaida hunikwepa.

Mzee Salum, jirani yangu fundi cherehani, alikuwa barazani kwake niliporudi. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mwalimu, nasikia leo mmechinja mtu kanisani."

"Mbwa-mwitu, Mzee Salum. Si mtu."

"Haya. Sisi huku tuna masheikh wawili hawasalimiani mwaka wa tisa. Kila mmoja alimwandikia mwenzake barua. Waandishi wazuri wote wawili!" Akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mtani huyu hajui tofauti ya ugomvi na kutetea kweli. Nitamjibu siku nyingine.

Jumatano, 21 Agosti

Nakala zimeondoka na gari moshi. Igalula, Goweko, na sharika zote za huko. Nimeambiwa mwinjilisti mmoja ameusoma mara mbili kwa kuombwa na watu.

Nimesahihisha madaftari ya darasa la saba. Insha mbovu. Nimekuwa mkali kupita kiasi, halafu nimekunywa chai.

Alhamisi, 29 Agosti

Majina yamerudi kutoka vijijini. Kila usharika umeandika walioonekana Igalula. Kazi ya katibu ni kuyanakili kwenye daftari la baraza.

Usharika wa Goweko, jina la sita. Tabitha, mjane.

Dada yangu.

Nilifikiri labda ni Tabitha mwingine. Hakuna Tabitha mwingine mjane Goweko. Nimenakili. Nisingenakili ningekuwa nani? Mtu anayewakata wa wenzake na kuwaacha wa kwao.

Nimemwambia Damari wakati wa chakula. Hakusema neno. Alichukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Ijumaa, 30 Agosti

Damari bado hasemi.

Jumapili, 1 Septemba

Majina yamesomwa leo, huku mjini na vijijini, saa ile ile. Jina la dada limesomwa Goweko, kwenye kanisa ambalo marehemu shemeji alilifyatulia matofali kwa mikono yake. Mimi nilikuwa Tabora, nimekaa benchi la mbele, nikijua kwamba wakati huo huo linasomwa.

Damari amesema jambo moja tu, tukiwa njiani. "Andrea uliyemweka ukurasa wa kwanza. Aliugua miezi minane. Ulikwenda kumwona mara ngapi?"

Nyumba ya Andrea iko nyuma ya kisima. Unaiona kutoka mlangoni kwetu.

Sikwenda hata mara moja. Nilikuwa nashughulika.

Jumamosi, 7 Septemba

Goweko. Nimekwenda na gari moshi la asubuhi na kurudi jioni.

Huko wanahama. Amri ya serikali ya kuhamia kijiji kipya imewafikia nao, na kila familia imepewa kiwanja kando ya barabara. Watu wanabeba milango kichwani. Milango, fito, mawe ya kusagia. Babu yetu alipita njia hiyo hiyo na pembe za ndovu begani akielekea pwani, na leo wajukuu zake wanaipita na milango.

Dada nimemkuta kwenye kiwanja chake. Kuta nne za miti, zimekandikwa udongo nusu. Juu, wazi kabisa. Mvua imebakiza miezi miwili tu. Amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunisomea au kunisalimu?"

Nilimwuliza nyasi za kuezekea ziko wapi. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jambo la aibu mbele ya wageni. Ndipo nikakumbuka. Kwenye sharika zetu za vijijini kipo kikundi cha kazi. Kinalima mashamba ya wajane, kinaezeka nyumba zao, kinachimba makaburi. Kikundi ni cha wanaoshiriki Meza. Aliyetengwa hana kikundi. Desturi hiyo naijua tangu utotoni, tulikuwa tunakimbia nyuma yao wakiimba. Nimeandika kurasa nne na sikuikumbuka hata mara moja.

Walikuwa wamempangia Jumanne iliyopita. Jumapili jina lake likasomwa. Jumanne hawakuja.

Nikamwambia lipo jambo jepesi: asimame Jumapili ijayo, atubu, amalize. Akasema, "Nitubu nini? Sikuiba. Niliimba."

"Dada, yule ni mwongo."

"Labda. Anapiga kelele mno, na siku moja alisema mvua haitanyesha kwa wasiotoa kuku, nikajua huyu naye ana njaa zake. Lakini mdogo wangu, tangu nimzike mume wangu sikuweza kulia. Kwetu kanisani mtu akilia, mzee wa zamu anamshika mkono anamtoa nje. Mimi wameshanitoa mara mbili. Kule nililia mpaka jua likazama, na wanawake wawili nisiowajua walinishika nisije nikaanguka."

Nilimjibu vibaya. Nilimweleza mafundisho ya uongo kwa vifungu vitatu. Nilipaza sauti. Majirani waliokuwa wakikandika walisimama kusikiliza. Yeye aliendelea kutafuna.

Ndani ya gari moshi nilikuwa bado namjibu, midomo inacheza. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeanza waraka wa pili. "Kuhusu Machozi." Hoja: hisia si imani. Hoja ni sahihi. Nimefika nusu ya ukurasa wa kwanza nikaona namwandikia dada yangu barua kwa mashine ya kurudufu.

Nimechana.

Ijumaa, 13 Septemba

Mfanyakazi wa reli anayekaa mtaa wa pili amesema kesho kutakuwa na mkutano mkubwa kuliko yote, na watu wa Goweko wanakuja kwa miguu tangu alfajiri. Amemtaja mpaka dada.

Nitakwenda kumchukua. Sitakwenda kusikiliza. Nitamtoa, nitamleta Tabora, atakaa nasi mpaka haya yaishe. Damari amesema, "Azimio lako linasema kwa sababu yoyote ile." Nikamwambia hili ni tofauti. Akasema, "Kila mmoja wao atakwambia hivyo." Kisha akanifungia karanga kwenye kitambaa.

Jumamosi, 14 Septemba

Igalula. Nataka kuandika kwa utaratibu.

Nilifika saa tano. Banda limejaa na waliobaki nje ni wengi kuliko walio ndani. Nilivaa kofia na kusimama kwenye nguzo ya nje. Watu wananisukuma na kuniomba radhi, wananisukuma tena. Mtu mmoja nisiyemjua alinipa maji bila kuniuliza ninatoka wapi.

Mbele ya jukwaa kuna kikapu. Humo watu wanatia dawa zao. Nimekiona kwa macho yangu. Vikopo, karatasi za vidonge, chupa. Mama mmoja karibu nami, mwembamba, anakohoa, alikuwa na kikopo mkononi, anasogea kwenye foleni. Nikamshika bega. "Mama, usiweke. Utakufa." Akageuka. "Wewe ni nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Sikuwa na jibu. Kama angekuwa amewahi kuniona kitandani pake nikimshikia kikombe, ningekuwa na jibu. Nilisema, "Mimi ni mwalimu." Akaitikia kwa heshima, akaendelea mbele, akatia kikopo chake.

Nilikuwa sahihi juu ya Masunga. Naandika tena: nilikuwa sahihi. Haikunifaa kitu pale, wala haikumfaa yule mama.

Kisha Masunga alipanda. Mtu mfupi, shati limelowa. Akatoa karatasi. Waraka wangu.

"Mwandishi wake yuko Tabora," akasema kwenye kipaza sauti. "Msimcheke, ana Kiswahili kizuri kutushinda wote hapa. Sikilizeni." Akasoma ukurasa wa pili, ule niliousahihisha mara tano. Alisoma vizuri, vizuri kuliko mchungaji wetu. Alipofika kwenye mbwa-mwitu watu wakaanza kulia kama mbwa-mwitu, wazee na wanawake, huku wakipigana mabega kwa kicheko. Kisha akauliza, nani amekuja leo kwa sababu amesikia habari za karatasi hii? Mikono. Mingi. Iliinuka mpaka nje tulipokuwa.

Dada nilimwona. Alikuwa karibu na jukwaa. Walipoanza kuimba alianza kulia, na kweli wanawake wawili walimshika, mmoja kila upande, bila kumnyamazisha, kama watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi. Alilia kwa sauti. Sijamsikia dada yangu akilia tangu tulipokuwa watoto, tulipoumwa na nyuki kule porini na baba yupo juu ya mti kwenye mzinga.

Nilikwenda kumchukua. Sikusogea hata hatua moja.

Baadaye nikamfuata Masunga nyuma ya banda. Alikuwa anakunywa maji kwenye kopo, sauti imekauka. Mtu wake mmoja alitaka kunizuia, nikasema jina langu. Masunga akaweka kopo chini.

"Shikamoo Mwalimu."

Ilinibidi kuitika. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi.

"Umenijazia banda, Mwalimu. Kabla ya karatasi yako nilikuwa na watu wa Igalula tu na wa stesheni mbili tatu. Na wale mliowafukuza wamekuja na vyombo vyao kabisa."

Nikamwambia Andrea amekufa. Seremala wa Mtendeni, aliacha vidonge.

"Andrea yupi?"

Nikamweleza. Akafikiri, na nikaona anafikiri kweli, anapekua nyuso. Hakumkumbuka. Uso wake ukabadilika kidogo. Akasema, "Ni wengi." Nikasema, "Ndiyo hilo ninalokushtaki." Akasema, "Haya. Ninyi wachache, mlimjua?"

Nilimwambia kikapu kile kitamhukumu. Akasema huenda. Tukaachana hivyo. Kwa muda wa kumaliza kopo moja la maji nilizungumza na mtu ambaye nimemwandikia kurasa nne bila kumwona sura.

Agizo lipo, nalijua tangu darasa la ubatizo: nenda kwanza wewe na yeye peke yenu. Nimelifundisha wengine. Nimewatungia mtihani juu yake.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimesema naumwa. Siumwi.

Jumanne, 17 Septemba

Baraza la wazee. Nimeomba nafasi kabla ya ajenda.

Nimewaambia nilifuta sentensi ya Mzee Yoeli, na kwamba nimekosa. Nimeomba irudishwe. Majina yote yasimamishwe, wazee watoke wawili wawili waende nyumba kwa nyumba, wasikilize, ndipo tuamue. Nimewaambia juu ya kikapu pia, kwamba anayeacha dawa hataokolewa na waraka, ataokolewa na mtu aliyekaa naye.

Wamesikiliza vizuri. Kisha mzee wa mtaa wa Cheyo akasema, "Mwalimu, waraka umefika sharika zote. Tukiubadilisha leo, huyo mtu atausoma na huo kwenye kipaza sauti chake. Atasema tumeshindwa."

Hayo ya mwisho ni maneno yangu. Niliyasema mwezi wa nane, kwenye meza ile ile, mwingine alipotaka tungoje kidogo. Ameyatunza vizuri.

Wengine wakaitikia. Wanaogopa, na mimi ndiye niliyewafundisha kuogopa. Yoeli peke yake hakuitikia. Baadaye akauliza, kwa upole, "Umejuaje habari za kikapu, Mwalimu?"

Nikasema nilikuwa Igalula Jumamosi.

"Kwa sababu gani?"

"Kumchukua dada yangu."

Mchungaji aliangalia dirishani. Mzee wa Cheyo alikohoa. Hakuna aliyetaka kulisema, kwa hiyo nikalisema mwenyewe: kwa sababu yoyote ile. Mimi ndiye katibu. Nikafungua daftari nikaandika jina langu chini ya majina mengine. Usharika wa Tabora, Festo, mwalimu.

Mchungaji akasema nitasimama Jumapili, nitatubu kwenda Igalula, litakwisha kwa dakika mbili. Nikasema nikisimama nitatubu kufuta sentensi. Akasema azimio halisemi hivyo. Kweli halisemi. Nililibana vizuri, halina hata tundu la kupitisha sindano.

Basi nimekataa, kama dada alivyokataa. Daftari nimemkabidhi Yoeli. Mlangoni aliniambia, "Nami nilitia sahihi, Mwalimu. Nilijua nikatia." Akaegemea mwimo wa mlango. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee sana, na kwamba siku ile ya mwezi wa nane, nilipomwona mtu mlegevu, nilikuwa namwona mtu anayejua anachokisema na hana nguvu za kubishana nami.

Ijumaa, 20 Septemba

Darasani sikuwa na maana. Mwalimu mwenzangu ameniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema, "Aliyechimba shimo," akakatisha mwenyewe. Nimemshukuru kwa kukatisha.

Nimewaomba vijana wanne wa usharika wanisindikize Goweko kukata nyasi. Wamenitazama miguu. Wanaogopa kutengwa. Mmoja amesema, "Mwalimu, waraka wako ni mkali." Alisema kama sifa.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda Goweko na Mzee Salum.

Sikumwomba. Alinikuta naweka makali kwenye mundu, akauliza, nikamweleza yote, hata yale ambayo sijamweleza Damari. Alisikiliza huku ameshika uzi mdomoni. Kisha akasema, "Kwenye karatasi yenu mimi simo?" Nikasema hapana, humo. "Basi mimi naweza kukata nyasi." Amefunga duka lake siku nzima. Kwenye gari moshi alinitania mpaka Igalula, kwamba Wakristo wakikosa watu wa kutenga wataanza kutenga treni. Tulipopita mbele ya lile banda aliliangalia mpaka likapotea.

Tulifika na mundu mbili na kamba za magome, tukasimama.

Nyumba imeezekwa. Nyasi mpya, nene, ukingo umekatwa sawasawa. Kuta zimekandikwa zote. Mlango umesimama.

Dada alitoka akatukuta tumeduwaa barabarani na mundu mikononi. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mmekuja kuvuna nini, nyie?"

Walikuja Jumatano. Watu arobaini, anasema, pengine zaidi, kutoka vijiji vinne, wengi wao majina yao nimeyanakili kwa mkono wangu. Waliimba siku nzima na kumaliza kabla jua halijazama. Masunga mwenyewe hakuja. Dada hakumtarajia.

Tulikaa kivulini kwa ukuta. Nilimwomba radhi. Nilimweleza sentensi, nilimweleza Igalula, nilimweleza kwamba nilimwona akilia na sikusogea. Aliuliza kwa nini sikusogea. Nikasema niliona ameshikwa na watu wanaojua kazi hiyo. Akatikisa kichwa.

Alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Mimi sikumwuliza.

Nikamwambia baraza likirudisha ile sentensi, atarudi. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani: "Hapana. Tabora nitakuja, kuwaona wewe na wifi yangu. Kanisani kwenu sitarudi. Huyo Masunga kesho anaweza kufungwa au kukimbia na kuku zetu, sijui. Lakini waliopanda juu ya nyumba hii ni hao, na nikifa ndio watakaochimba. Siwezi kula kwao halafu nikaenda kukaa kwenu kama sikuwajua."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu mengi, na yote mazuri. Nikayaacha. Nilimwomba jambo moja: vidonge vyake vya presha asivitie kwenye kikapu. Akaingia ndani akavileta kunionyesha, kopo zima. Akasema, "Mimi si mjinga, Festo." Hajaniita Festo tangu niwe mwalimu.

Kwa kuwa tulikuwa na mundu, tulikata nyasi za banda la kuku. Mzee Salum alifunga kamba, anafunga vizuri, mikono ya fundi. Dada alitupikia ugali na mboga ya karanga na kumwuliza Salum habari za wajukuu wake wote kwa majina. Sikujua kwamba anawajua. Mimi mwenyewe siwajui, na ni jirani yangu kwa miaka kumi na minne.

Alitusindikiza mpaka stesheni. Aliagana na Salum kwanza.

Jumatano, 2 Oktoba

Yoeli amekuja. Baraza halijabadili kitu. Amesema anaanza kwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bila azimio, kila Alhamisi. Miguu yake haifai kwa safari hizo. Nimesema nitamwendesha kwa baiskeli. Akasema mtu aliyetengwa hawezi kufanya kazi ya baraza. Nikasema baiskeli haijatengwa.

Amecheka. Tunaanza kesho kutwa badala ya kesho, maana leo ana homa.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya Meza.

Baada ya mahubiri mchungaji alisema maneno yale ya kawaida, na wasioshiriki wakainuka kutoka. Miaka ishirini na tano nimekaa benchi la mbele na kuwasikia wakitoka nyuma yangu, viatu tu, halafu mlango. Leo niliinuka. Damari alibaki. Alinigusa mkono.

Tulikuwa wanane. Sikujua huwa wanakwenda wapi. Wanakwenda upande wa jiko, kwenye ukuta wenye kivuli, pana gogo na mawe mawili. Wanangoja wenzao waliomo ndani ili warudi nao nyumbani. Hakuna aliyenicheka. Mama Sabina, anayeuza vitumbua sokoni, ambaye jina lake ndilo la kwanza nililolinakili, alijisogeza kwenye gogo mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Nikakaa.

Ndani walianza wimbo. Kutoka pale unasikika sauti ya tatu zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu wanaume wanakaa upande huo wa dirisha. Wawili kati yetu waliufuata kwa chini chini.

Wimbo ulipokwisha nilimgeukia Mama Sabina. Nikamwuliza alikwenda Igalula kutafuta nini. Nilimwambia siandiki popote, nataka kujua tu. Aliniangalia mikono, kuona kama nina kalamu.

Kisha akavuta khanga, akaanza kunieleza habari za mguu wake, tangu ulipoanza kuuma.